Saratani Ikijirudia Ukooni, Ulizeni Kwanza Kilichopokezanwa

Matanga yakishaanuliwa, wageni wa mbali wakaondoka na jamaa wa karibu wakabaki kuhesabu michango na kurudisha masufuria ya watu, mara nyingi hutokea mmoja akasema lile ambalo wengine wamekuwa wakiliwaza kimyakimya: tumbo hili ndilo lililomuua baba, likamuua na baba mdogo, na sasa limemchukua kaka. Majibu huwa matatu. Wapo watakaosema kuna mkono wa mtu. Wapo watakaotaja laana ya zamani. Na siku hizi, kwa kuwa vijana wamesoma, yupo atakayesema saratani imo damuni mwetu, tumeirithi, hakuna la kufanya.

Jibu hilo la tatu lina sura ya kisayansi, na kwa sababu hiyo linanitia wasiwasi kuliko yale mawili. Anayeamini amerogwa angalau atahangaika. Anayeamini amerithi kifo hukaa akakisubiri. Ninawaandikia watu wa nyumba hiyo. Saratani kadhaa zinazotuua sana Afrika Mashariki, yaani ya ini, ya shingo ya kizazi, Kaposi, na ile ya taya inayowapata watoto, zina virusi nyuma yake. Saratani ya aina hiyo ikijirudia katika familia, kinachotoka kwa mtu kwenda kwa mwenzake mara nyingi ni kirusi chenyewe. Mara nyingine ni udhaifu wa kinga ambao mtu amezaliwa nao, unaomfanya ashindwe na kirusi ambacho jirani yake alikishinda bila hata kujua kwamba kilimwingia. Mara nyingine ni chakula cha nyumba moja. Na mara nyingi yote matatu yamechanganyika. Lakini hata pale urithi unapokuwa na sehemu yake, kirusi nacho mara nyingi huwa na yake, na kirusi tunaweza kukizuia kwa chanjo, kukidhibiti kwa dawa, au kuyagundua madhara yake kabla hayajawa saratani.

Kazi ya kwanza haihitaji hospitali. Inahitaji daftari na mzee mwenye kumbukumbu, hasa bibi au shangazi, kwa kuwa ndio waliowauguza hao waliokufa. Andikeni vizazi vitatu: ninyi, wazazi wenu na ndugu zao, babu na bibi. Msimwulize bibi ni nani aliyekufa kwa saratani, maana wengi walizikwa bila ugonjwa wao kupewa jina. Mwulizeni alichokiona. Tumbo lilijaa maji, macho yakawa ya manjano, mtu akakonda mashavu yakabonyea, naye hajafika hata miaka 50: hapo shukuni ini, hata kama watu walisema ni pombe. Mama aliyetokwa na damu baada ya kukoma hedhi, au kila alipokutana na mumewe, kisha ukaja uchafu wenye harufu ambao watu wa nyumbani waliutaja kwa kunong'ona: shukuni shingo ya kizazi. Mtoto aliyevimba taya, au jicho lililosukumwa nje, akafa ndani ya miezi michache: shukuni ile saratani ya taya. Mtu aliyetokwa na vivimbe vya rangi ya zambarau au nyeusi mguuni, mguu wenyewe ukafura: shukuni Kaposi.

Andikeni umri wa kila mmoja alipoanza kuugua, hata kwa kukisia. Kama ni nyumba ya wake wengi, andikeni kila mtoto alizaliwa na mama yupi, kwa sababu upande wa mama una uzito wake katika habari hii, na nitaeleza kwa nini. Andikeni pia nani alilelewa wapi. Mtoto wa kaka aliyekulia kwa shangazi ahesabiwe na watoto wa shangazi, kwani kirusi hakijui jina la ukoo, kinajua waliolala kitanda kimoja na kunyolewa kwa wembe mmoja.

Daftari likionyesha zaidi saratani za matiti, ovari, utumbo mpana au tezi dume, hiyo ni habari nyingine. Huko jeni za kurithi zinaweza kuleta saratani bila msaada wa kirusi chochote, na mnayepaswa kumwona ni daktari wa saratani.

Ini nitalipa nafasi kubwa, kwa sababu ndipo familia nyingi hudhani zimerithi kumbe zimeambukizwa. Virusi vya homa ya ini aina ya B vikimwingia mtu mzima mwenye afya, uwezekano wa kubaki navyo maisha yake yote haufiki 5 kati ya 100. Vikimwingia mtoto mchanga wakati wa kuzaliwa, watoto 90 kati ya 100 hubaki navyo. Mtoto huyo haonyeshi dalili. Anakua, anasoma, anaoa au kuolewa, na ini linachoka polepole mpaka siku tumbo linapoanza kujaa katika umri ambao ana watoto wa kusomesha. Chukulia mama mmoja mwenye kirusi hicho asiyejua kwamba anacho, amezaa watoto sita. Baadhi wamekipata wakati wa kuzaliwa, wengine wamekipata kwa ndugu zao walipokuwa wakicheza na vidonda vibichi magotini. Miaka 40 baadaye wawili wanazikwa kwa ugonjwa mmoja. Kilichopita kati yao kilipita kweli kutoka kwa mama, lakini ni maambukizi.

Ushahidi mkubwa ulitoka Taiwan. Daktari wa Marekani, R. Palmer Beasley, na wenzake waliwafuatilia wanaume 22,707, na mwaka 1981 wakatangaza kwamba wenye kirusi cha homa ya ini B walipata saratani ya ini mara 223 zaidi ya wasio nacho. Hata sigara haina uzito wa namna hiyo juu ya mapafu. Taiwan ikaanza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini miongoni mwa watoto waliozaliwa baadaye ikashuka. Kama ugonjwa ule ungekuwa umo katika damu ya koo zile na basi, chanjo isingepunguza chochote.

Je, jeni hazina kazi yoyote? Zinayo, na msimwache mtu awaambie vinginevyo. Kuna kundi la jeni linaloitwa HLA, ambazo kazi yake ni kuionyesha kinga ya mwili vipande vya kirusi ili iweze kukitambua. Jeni hizi hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba sehemu moja ya kundi hilo inahusika katika kuamua nani atabaki na homa ya ini B na nani ataifukuza. Tena, miongoni mwa watu wenye kirusi, yule ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja alikufa kwa saratani ya ini yumo katika hatari kubwa kuliko mwenzake asiye na historia hiyo. Ndiyo maana lile daftari si la kuweka kabatini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaitaja saratani ya ini au ini kusinyaa katika familia kuwa miongoni mwa sababu za kumwanzishia dawa mtu mwenye kirusi hiki. Ukimficha daktari kwamba baba alikufa kwa ini kwa kuona aibu, umemnyima jambo ambalo lingeweza kubadilisha matibabu yako.

Kwa hiyo mtu mmoja akiugua ini, au akigundulika ana homa ya ini B, wapimwe wote: mama kama yu hai, watoto wake wote, dada na kaka za mama pamoja na watoto wao, mume au mke, na kila aliyekulia nyumba hiyo. Kipimo cha kwanza ni cha tone la damu, kinaitwa HBsAg, na majibu hutoka papo hapo. Msidhani vijana na watu wazima walikwishachanjwa utotoni. Chanjo hii iliingia katika ratiba ya watoto Kenya, Uganda na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajaipata kabisa. Atakayekutwa hana kirusi na hana kinga achanjwe dozi zote tatu. Najua wengi huchoma moja wakaishia hapo, kwa kuwa hawaumwi.

Atakayekutwa nacho asihesabiwe maiti. Atapimwa kazi ya ini, wingi wa virusi, na ultrasaundi ya tumbo. Wengine wataambiwa wanahitaji kufuatiliwa tu. Wengine watapewa tenofovir, kidonge kimoja kwa siku. Dawa hiyo imo pia katika ARV, na jambo hili limewafanya watu waitupe njiani kwa hofu ya majirani. Kuimeza hakuna maana kwamba una VVU, ila lazima upimwe VVU kabla ya kuanza, kwa sababu anayeishi na vyote viwili anahitaji dawa zaidi ya moja. Ukishaanza usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe: virusi vilivyolala vinaweza kuamka kwa nguvu na kuliangusha ini ndani ya wiki chache. Na mwenye historia ya saratani ya ini katika familia aombe ultrasaundi kila baada ya miezi 6 hata kama anajisikia mzima. Saratani ya ini iliyoonekana ikiwa ndogo inaweza kukatwa. Ile inayosubiriwa mpaka tumbo lijae maji, daktari hubaki na kidogo sana cha kufanya.

Kwa mama mjamzito mwenye kirusi hiki nina neno la haraka zaidi. Chanjo ya watoto wetu ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ina kinga ya homa ya ini B ndani yake, lakini kwa mtoto wa mama huyu wiki ya 6 ni kuchelewa. Anahitaji dozi yake ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, na si kila kituo kinaiweka. Ulizeni mimba ikiwa na miezi 5 au 6, mkiwa na muda wa kutafuta hospitali iliyo nayo. Ulizeni pia kama mama anahitaji tenofovir kabla ya kujifungua ili kupunguza virusi. Akishajifungua, anyonyeshe, mtoto aliyechanjwa haambukizwi kwa ziwa la mama yake. Wala hakuna sababu ya kumtengea sahani na kikombe. Kirusi hupita kwa damu na kwa kujamiiana. Mtengeeni wembe, mswaki na kikata kucha, na mkomeshe kabisa kuchanja chale watu watano kwa wembe mmoja.

Halafu kuna mahindi. Kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Kwa wingi huua kwa muda mfupi: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Kwa uchache, mwaka baada ya mwaka, huharibu chembechembe za ini, na palipo na homa ya ini B sumu hiyo na kirusi husaidiana. Baba, kaka na mtoto waliokula ghala moja kwa miaka 30 wana urithi mwingine hapo ambao hautoki kwa jeni. Anikeni juu ya turubai, si juu ya udongo. Chambueni punje zilizobadilika rangi na mzitupe. Msiwape kuku, msizisage ziwe za pombe. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Saratani ya shingo ya kizazi inatufundisha jambo lingine. Hapa kirusi ni HPV, na karibu kila aliyewahi kukutana kimwili na mtu hukipata wakati fulani. Wengi hukifukuza ndani ya miaka miwili bila kujua. Mwaka 1983 Harald zur Hausen na wenzake nchini Ujerumani walikipata kirusi cha HPV aina ya 16 katika uvimbe wa wagonjwa, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Swali lililobaki ni hili: kwa nini wanawake wengi hukipata na wachache huugua? Mwaka 1999 watafiti wa Sweden, nchi inayotunza kumbukumbu za vizazi kwa uangalifu mkubwa, walilinganisha ndugu wa damu na ndugu wa kulelewa. Mwanamke ambaye dada yake wa damu alipata saratani hii au mabadiliko yanayoitangulia alikuwa na hatari karibu mara mbili. Aliyelelewa kama dada bila kuwa wa damu hakuwa na ongezeko la maana. Kwa hiyo urithi upo, na tafiti za baadaye zimeuelekeza tena kwenye zile jeni za HLA.

Mara mbili inatosha kukufanya usiahirishe kipimo. Haitoshi kukufanya ukate tamaa, na ni ndogo ukiilinganisha na mambo mengine: mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii kama mara sita. Binti wa mama aliyekufa kwa ugonjwa huu achanjwe kama binti mwingine yeyote, kabla hajaanza kujamiiana. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2011, Uganda mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Maneno kwamba chanjo hii inafunga kizazi hayana msingi wowote, na inaniumiza kuona mama aliyemuuguza mama yake mzazi kwa saratani hii akimzuia binti yake asichanjwe kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp. Wenye hofu ya wingi wa sindano wajue kwamba utafiti uliofanywa Nairobi, Thika na Kisumu, ukiwashirikisha wasichana na wanawake vijana 2,275 chini ya uongozi wa Profesa Nelly Mugo na wenzake, ulionyesha kwamba hata dozi moja inakinga kwa kiwango cha juu sana. Shirika la Afya Duniani sasa linakubali dozi moja kwa wasichana. Anayeishi na VVU ndiye anayehitaji zaidi ya moja.

Chanjo haikifukuzi kirusi kilichokwisha kuingia. Kwa hiyo wewe mama wa miaka 30 na kuendelea, upimwe. Ukiwa unaishi na VVU, anza ukiwa na miaka 25 na urudi kila baada ya miaka 3 hadi 5. Kama kituo chako kina kipimo cha HPV chenyewe, ndicho bora, na mahali pengine unaweza kujichukulia sampuli mwenyewe bila mtu kukutazama. Kama kuna kile cha kupaka siki tu, pimwa kwa hicho. Alama ikionekana mapema huchomwa au kugandishwa pale pale kliniki na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Na wanaume mnaosoma hapa, mke akikutwa na HPV msianze kuulizana amekitoa wapi. Kirusi hiki kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kabla ya kuonekana, na hakuna kipimo kinachoweza kusema kiliingia lini wala kwa nani.

Kwa watoto, Afrika Mashariki ndiko ilikoanzia historia yenyewe ya elimu hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto waliovimba mataya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walifunga safari ndefu kwa gari kusini kupitia nchi nyingi, wakiuliza hospitali kwa hospitali nani amewaona watoto wa namna hiyo. Uvimbe ule ulifuata joto, mvua na mwinuko wa ardhi. Ulikuwapo palipo na malaria nyingi, ukakosekana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake, ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr.

Karibu kila mtoto wa kwetu hupata kirusi hicho akiwa mdogo, kwa mate, na wachache mno huugua. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayoilegeza kinga. Ndani ya chembe moja ya damu ya mtoto huyo jeni huvunjika na kuungana vibaya, na saratani inaanzia hapo. Kuvunjika huko kunatokea ndani ya mtoto mwenyewe. Hakukutoka kwa baba wala mama, na ndugu zake hawanako. Ninawaambia hili wazazi kwa sababu nimewasikia wakilaumiana wodini. Urithi unaoonekana hapa una sura isiyotarajiwa: tafiti zilizofanywa Uganda, Kenya na Tanzania zimeona kwamba watoto waliorithi jeni moja tu ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, ambao hukingwa na malaria kali, hupata saratani hii kwa uchache kuliko wenzao. Anayetafuta la kufanya kwa ajili ya watoto waliobaki nyumbani alale nao ndani ya chandarua na kutibu kila homa mapema.

Na asisubiri. Uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Meno ya mtoto yakilegea kabla ya umri wake, shavu likivimba bila jino kuoza, jicho likijitokeza au tumbo likikua kwa siku, msimpeleke kung'olewa meno. Mpelekeni hospitali ya rufaa wiki hiyo hiyo. Kwa sababu hukua haraka, pia huyeyuka haraka kwa dawa, na watoto wengi wanaofika mapema na kumaliza dozi zote hupona. Wazazi wengine huwarudisha watoto nyumbani uvimbe ukishapotea usoni, baada ya dozi mbili. Tafadhali msifanye hivyo.

Zipo pia familia chache ambamo urithi ndio wenye neno kubwa, na familia hizo zinastahili kutambuliwa. Mwaka 1975 David Purtilo wa Marekani alieleza habari za ukoo mmoja ambamo wavulana 6 kati ya 18 walikufa baada ya kinga yao kushindwa kumudu mrundikano wa chembe za damu zao wenyewe. Kirusi kinachouamsha ugonjwa huo ni kile kile cha Epstein-Barr. Jeni yenyewe iligunduliwa mwaka 1998. Iko kwenye kromosomu ya X, maana yake mama huibeba bila kuugua na watoto wake wa kiume ndio wanaodhurika. Ndiyo sababu nilisisitiza upande wa mama: daftari likionyesha wavulana waliokufa wadogo kwa homa isiyokatika, tezi kuvimba na bandama kukua, na wajomba nao walikwenda hivyo hivyo, mwambieni daktari wa watoto maneno hayo hayo. Ugonjwa huu una tiba ya kupandikizwa uboho, na mtoto aliyetambuliwa kabla hajazidiwa ana nafasi nzuri zaidi.

Wengine huzaliwa wakiwa hawawezi kuzuia aina fulani za HPV za ngozi. Hutokwa na madoa bapa yanayofanana na utangotango na chunjua nyingi mikononi, usoni na kifuani tangu utotoni, ambazo haziponi kwa dawa yoyote, na wakifika utu uzima saratani ya ngozi huanzia pale jua linapopiga. Hao wavae kofia pana na mikono mirefu tangu wakiwa wadogo, na daktari wa ngozi awakague mara kwa mara na kuondoa kila kidonda kinachoshukiwa. Na mtoto anayepata Kaposi hali hana VVU naye anastahili kuulizwa kuhusu kinga aliyozaliwa nayo. Mwaka 2013 watafiti walieleza habari za mgonjwa mmoja mwenye asili ya Uturuki, ambaye wazazi wake walikuwa jamaa wa damu, aliyepata Kaposi akiwa kijana mdogo kwa sababu alirithi nakala mbovu za jeni moja ya kinga kutoka pande zote mbili.

Hapo nawagusa wasomaji wa pwani, na wa Oman na nchi za Ghuba, ambako binamu kuoana ni jambo la heshima. Watoto wengi wa ndoa hizo ni wazima, na sioni sababu ya kumwaibisha yeyote. Lakini wazazi wa damu moja wakizika mtoto kwa maambukizi yasiyoeleweka au saratani ya ajabu, wawaone madaktari kabla ya mimba inayofuata, kwa sababu jeni adimu waliyo nayo wote wawili inaweza kujirudia kwa mtoto 1 kati ya 4.

Kwa familia zote nyingine, msitumie pesa zenu kununua vipimo vya vinasaba vinavyouzwa mtandaoni. Havitawaambia kama mna homa ya ini B, na havitaiona shingo ya kizazi. Kwa pesa hiyo hiyo watu kadhaa wa nyumba wangepimwa na kuchanjwa. Wala msivunje uchumba wa binti kwa sababu baba yake alikufa kwa ini. Apimwe, mchumba wake apimwe, na mwenye kukosa kinga achanjwe kabla ya harusi.

Chagueni mtu mmoja wa kushika daftari, mwenye simu na mwenye siri. Majibu ya kila mtu ni mali yake; kinachoandikwa ni nani amepimwa na nani bado, na anayetaka majibu yake yaingizwe ayatoe mwenyewe. Mkienda kuchanjwa homa ya ini B, dozi ya pili ni baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi 6 tangu ya kwanza. Mwombeni nesi aandike tarehe zote tatu kwenye kadi kabla hamjaondoka, mzipige picha, na mshika daftari awe ndiye wa kuwapigia simu wote wiki moja kabla ya kila tarehe.